Mama anataka picha za Kihindi na mguu wangu uko kwenye hogo, nipeni za maana (kuna moja ya mbwa kaburini hatuijui jina)

Mguu wa Hogo #1
Wakuu salama? Nilianguka na bodaboda wiki iliyopita, mguu umefungwa hogo, daktari kasema wiki sita. Mama kaja kutoka Tanga kuniuguza, ana miaka 68, na tangu afike kakamata rimoti haiachii. Tamthilia hataki kuzisikia, anasema mtu anageuka kuangalia mlango jumatatu anamaliza kugeuka ijumaa. Anataka "picha la Kihindi lenye mwanzo na mwisho, tulie tukalale".

Sasa mimi picha za Kihindi niliziacha kwenye kibanda umiza, ya mwisho kuiangalia kwa moyo ni Karan Arjun. Msimamo wangu ni kwamba baada ya pale Wahindi hawajatengeneza kitu, wamebaki kurusha magari hewani. Anayebisha abishe kwa kutaja majina. Masharti ya mama ni matatu, kusiwe na mambo ya kubusiana maana tunaangalia sebule moja, nyimbo ziwepo, na steringi asife.

Halafu kuna moja aliiona Majestic ya Tanga enzi zake, jina halikumbuki. Anachokumbuka ni kaburi, mbwa kalala juu ya kaburi analia, ukumbi mzima ukalia, wanawake wakatoka kanga zimeloa. Anayeijua atuokoe maana ananiuliza mara tatu kwa siku.

kipepeo_73 #2
Pole na mguu. Ila ulitoka kibandani mapema mkuu. Karan Arjun imetoka Januari 1995, Oktoba ya mwaka huohuo ikatoka Dilwale Dulhania Le Jayenge, ukumbi wa Maratha Mandir kule Mumbai umeionyesha hadi watoto waliozaliwa mwaka ule wakawa na watoto wao. Anza na hiyo, nyimbo zipo, steringi hafi, treni inaondoka binti anakimbia baba anamwachia mkono. Mama atalala saa nane usiku.

Fundi Deki #3
Ya mbwa ni Teri Meherbaniyan ya 1985. Jackie Shroff anauawa, mbwa wake Moti anawasaka wauaji mmoja mmoja. Tumemaliza, lete swali jingine.

Wa Ngara #4
Sitaki kubishana lakini baada ya 1995 mko na Lagaan, mko na 3 Idiots, mko na Dangal, mko na ile ya RRR. Wahindi wanatengeneza Kihindi kali sana siku hizi msituharibie jina.

mwalimu_wa_zamu #5
Wa Ngara RRR siyo ya Kihindi. Ni ya Kitelugu, ya S. S. Rajamouli, 2022, wimbo wake wa Naatu Naatu ndio ulibeba Oscar 2023. Baahubali pia Kitelugu, Pushpa Kitelugu, KGF Kikannada. Hizo za kurusha magari anazozilalamikia mleta uzi nyingi zinatoka kusini, zinaingizwa sauti za Kihindi ndio zinatufikia, halafu lawama anabeba Mumbai.

Wa Ngara #6
Sawa ticha. Kwetu mtu mwenye masharubu akipiga watu ishirini na chuma ni Kihindi tu.

binti_Ngamiani #7
Mama yako mimi namuelewa kabisa. Mpe Bajrangi Bhaijaan ya 2015. Salman Khan ni mcha Mungu wa kumwabudu Hanuman, mungu wa Kihindu, hajui kusema uongo, anaokota katoto ka kike hakaongei, kumbe kametoka Pakistani, anakarudisha kwao bila pasi ya kusafiria. Hakuna busu, nyimbo zipo. Mwisho sisemi. Wekeni taulo karibu, kitambaa hakitoshi.

pilau_bila_nyama #8
Salman anajua kuigiza lini tena.

binti_Ngamiani #9
Ndio maana nimesema ya 2015, zingine zake ukae nazo.

Mguu wa Hogo #10
Nimerudi. Tumeangalia Bajrangi. Mama kalia mara tatu, ya tatu nilikuwa nalia na mimi nikasingizia mguu. Nimepunguza msimamo kidogo, natoa mwaka mmoja.

Fundi Deki nimemwambia mama Teri Meherbaniyan, nikamwonyesha na picha. Anasema hapana. Anasema aliiona akiwa na mimba ya kaka yangu mkubwa, na bro kazaliwa 1979. Sasa mbwa wa 1985 kafikaje kaburini 1979?

Fundi Deki #11
Mama kachanganya mimba.

Mguu wa Hogo #12
Mwambie mwenyewe, yuko hapa ananisomea begani.

Fundi Deki #13
Shikamoo mama 😂 sijasema kitu.

Baharia Mstaafu #14
Hamjambo. Huyo mbwa mwacheni kwanza. Kaburi likimliza mtu kabla ya 1980 mimi nasema ni Haathi Mere Saathi ya 1971, Rajesh Khanna na tembo wake Ramu. Mke anamuogopa tembo, anasema atamuua mtoto wao, kumbe tembo ndiye anayemlinda yule mtoto, na mwisho anakufa kwa risasi akiwaokoa. Ule wimbo wa Mohammed Rafi wa kumuaga tembo mimi niliusikia Cine Afrique pale Malindi, Unguja, nilikuwa kijana na ndevu zangu, nikajifanya nimeingiwa na kitu jichoni na wenzangu wote wameingiwa na kitu jichoni.

Na kuhusu mwaka msibabaike. Picha ikipendwa ilikuwa inarudishwa na kurudishwa, ya 1971 mtu kuiona 1979 si ajabu. Siku hizo picha moja inaonyeshwa kumbi mbili usiku mmoja, rili ikimalizika Majestic ya Vuga kijana anaipakia kwenye baiskeli mbio kuipeleka kwengine. Akipata pancha ukumbi mzima unakaa kizani unapiga miluzi, na mara nyengine wanaweka rili ya tatu kabla ya pili, bibi harusi anazaa ndipo anaolewa.

kipepeo_73 #15
"Anazaa ndipo anaolewa", mzee hiyo siku hizi haihitaji pancha.

Dada Muscat #16
Mzee Baharia umenikumbusha marehemu baba, alikuwa anaimba Awaara Hoon ya Raj Kapoor asubuhi akinyoa ndevu, hajui neno hata moja la Kihindi zaidi ya hayo mawili. Filamu yenyewe ya 1951, na huyo hakimu anayemkataa mwanawe kwenye picha ni Prithviraj Kapoor, baba yake Raj wa kumzaa. Mimi nimeiangalia juzi huku Muscat na jirani yangu Mhindi, yeye anaelewa maneno mimi sielewi, tumelia sawasawa.

Mleta uzi kwa mama yako naongeza English Vinglish ya 2012. Sridevi ni mama wa nyumbani anauza laddu, vile vitamu vya Kihindi vya mviringo, watoto na mume wanamcheka hajui Kiingereza, anakwenda New York harusini anajiandikisha darasa kwa siri. Hakuna kurusha gari. Ile hotuba ya mwisho harusini kila mama aliyewahi kusahihishwa lugha na mwanawe ataielewa.

pilau_bila_nyama #17
Mnasifia kulia tu. Mimi swali langu ni moja, kwa nini polisi wa Kihindi wanafika wakati adui ameshakufa? Na kwa nini ngumi moja ina sauti tatu, dish dish dishum?

Fundi Deki #18
Polisi hata hapa kwetu wanafika muda gani.

kibanda_umiza87 #19
Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyetaja Sholay, huu uzi una laana? 1975, Amitabh na Dharmendra, majambazi wawili wanaajiriwa na Thakur aliyekatwa mikono ili wamkamate Gabbar Singh. Walikwenda kuipigia kwenye mawe ya Ramanagara karibu na Bangalore. Amitabh ana sarafu yake anarusha kila wakiwa na mashaka, kichwa au mkia, na siku anayokufa Dharmendra anaishika anakuta pande zote mbili ni kichwa. Yaani jamaa alikuwa anaamua mwenyewe muda wote. Nimeiangalia kibandani nikiwa darasa la nne kwa shilingi ishirini, hiyo sarafu mpaka leo naiwaza.

binti_Ngamiani #20
Steringi anakufa hapo, sharti la tatu la mama limevunjwa.

kibanda_umiza87 #21
Steringi ni Dharmendra, yeye ndiye anabaki na Basanti. Amitabh ni rafiki wa steringi.

Wa Ngara #22
Eti Amitabh rafiki wa steringi?! Mods fungeni huyu mtu.

Baharia Mstaafu #23
Sheria ya zamani ni nyepesi, steringi ni yule watu waliomlipia tiketi. Sisi tulimlipia Amitabh. Na kama ni kufa kafa pia kwenye Deewaar, mwaka huohuo 1975, tena mapajani mwa mama yake. Mle ana bilauri yake ya ukuli namba 786, hesabu ya Bismillahi, inamzuilia risasi, siku inamponyoka mkononi ndiyo siku anakufa. Pwani nzima tulikuwa tunaitafuta hiyo namba kwenye noti za benki, mtu akiipata haitumii.

mwalimu_wa_zamu #24
Mzee kwa heshima, bilauri ni ya kunywea maji 😂. Ile ni beji, wao wanaiita billa.

Baharia Mstaafu #25
Ahsante mwalimu, simu imeniandikia yake. Billa. Ndio uzee.

Fundi Deki #26
Halafu Gabbar mwisho anakufa, Thakur anamkanyaga na viatu vya misumari. Safi sana.

kipepeo_73 #27
Uongo. Gabbar anakamatwa na polisi. Nimeiangalia si chini ya mara kumi, Thakur anataka kumuua polisi wanatokea wanamwambia sheria ipo.

Fundi Deki #28
Hawa ndio polisi wa pilau_bila_nyama. Mimi nimemuona Gabbar akifa kwa macho yangu, kanda ilikuwa ya mjomba.

mwalimu_wa_zamu #29
Wote mko sawa. Mwisho wa kwanza uliopigwa ni wa kumuua. Mwaka 1975 India ilikuwa kwenye hali ya hatari ya Indira Gandhi, wakaguzi wa filamu wakasema haiwezekani polisi mstaafu ajichukulie sheria mkononi, mwongozaji Ramesh Sippy akalazimika kurudi kupiga mwisho mwingine wa polisi. Ndio huo ulioingia kumbini. Ule wa asili ukaja kuvuja kwenye kanda za video. Na 2025 nakala iliyosafishwa yenye mwisho wa asili imeonyeshwa Bologna, Italia, miaka hamsini baadaye.

Fundi Deki #30
Mjomba alikuwa na kanda ya asili!!! Na tuliirekodia harusi ya shangazi juu yake.

kibanda_umiza87 #31
😭😭😭

jicho_la_tatu #32
Mnazeeka na mabishano ya 1975. Mleta uzi anataka za kumbadilisha msimamo. Mimi ni mtu wa mikasa, haya chukua. Drishyam ya 2015, Ajay Devgn ana biashara ya kebo ya televisheni huko Goa, kaishia darasa la nne, shule yake yote ni sinema anazoangalia usiku ofisini. Familia yake inapata janga, na yeye anawapiga chenga polisi wote kwa ujanja wa kwenye picha. Yaani ni mwenye kibanda umiza anapambana na serikali. Kahaani ya 2012, Vidya Balan mjamzito anatafuta mume Kolkata. Andhadhun ya 2018, mpiga kinanda kipofu anaingia nyumba ya watu anakuta maiti, na yeye siyo kipofu.

binti_Ngamiani #33
Sasa umesemaje "siyo kipofu" mbona unatuharibia.

jicho_la_tatu #34
Hiyo unaijua mapema tu kwenye filamu yenyewe, tulia. Utamu uko mwisho, anapiga kopo kwa fimbo pale barabarani. Kaliona au hajaliona? Mimi nasema kaliona na hadithi yote aliyosimulia ni ya kujitungia.

Dada Muscat #35
Hakuliona, ni bahati. Mbona wote tunapiga makopo bila kuangalia.

kipepeo_73 #36
Kaliona. Hiyo fimbo yenyewe ina kichwa cha sungura, rudi kafikirie yule sungura.

Dada Muscat #37
Nimefikiria sungura bado hakuliona.

mwalimu_wa_zamu #38
Nyongeza, Drishyam ya Ajay ni ya kurudia. Ya kwanza ni ya Kimalayalam, 2013, Mohanlal ndiye baba. Walioiona hiyo wanasema ya Ajay ni chai iliyopashwa. Mimi nimeona zote, naona baba wa Mohanlal anaogopa kweli, wa Ajay anakukazia macho kama anadai kodi.

Mguu wa Hogo #39
Ripoti. Drishyam tumeimaliza jana. Mama hakulia hata tone, alikaa wima masaa mawili na nusu kama yuko mahakamani, mwisho akasema "huyu baba muongo mzuri, Mungu amsamehe" akaenda kuswali. Leo asubuhi ananiuliza kama mimi ningeweza kumficha mtu. Nimetoa miaka mingine mitano kwenye msimamo.

English Vinglish kaipenda ila ile ya laddu imenigharimu, anataka dengu na samli akajaribu.

Haathi Mere Saathi bado naishusha, bando linasuasua.

pilau_bila_nyama #40
Mpe Baghban uone kama hatorudi Tanga.

binti_Ngamiani #41
Usimpe Baghban! Ni ya 2003, Amitabh na Hema Malini wazee, watoto wanne hakuna anayetaka kukaa na wote wawili, wanawagawana, baba huku mama kule, miezi sita sita kama shamba la urithi. Mimi niliangalia na mama mkwe. Aliisimamisha katikati, akaniangalia, hakusema neno, akaendelea. Miaka mitatu sasa kila nikichelewa kupokea simu yake ananiuliza "mmeshanigawa?"

Wa Ngara #42
Huku kwetu picha za Kihindi zilikuwa ukumbi wa Shan hapo Ngara, Nairobi, na Belle Vue mnaingia na gari, familia ya Kihindi wana viti vyao vya kukunja na sufuria ya chakula, sisi wengine tuko nje ya ukuta tunaangalia bila sauti. Nilijua filamu nyingi hivyo, kwa midomo tu. Siku hizi watu wanazipata kwa DJ Afro, anayezisimulia kwa Kiswahili, unacheka mpaka unasahau steringi amepigwa risasi.

Sasa swali langu ni hili na hamjawahi kunijibu vizuri humu. Sisi hatujui hiyo lugha. Hakukuwa na maandishi ya chini tunayoweza kusoma. Tulikuwa tunalia nini?

mwalimu_wa_zamu #43
Tunaijua kidogo kuliko tunavyodhani. Sikiliza nyimbo zao: duniya, waqt, kitab, khabar, dawa, rooh, rang, miskeen, mohabbat ambayo kwetu ni mahabba. Wao wamekopa Kiarabu na Kiajemi na sisi tumekopa hukohuko, na mengine kama gari tumeyachukua kwao moja kwa moja. Ule wimbo wa Rafi wa tembo unaanza "Nafrat ki duniya", dunia ya chuki. Mtu wa Tanga akisikia dunia na kaburi liko mbele yake, anahitaji nini tena.

kibanda_umiza87 #44
Bibi yangu wa Singida hajui Kiarabu wala Kiajemi na alilia Mother India mpaka presha ikapanda. Hiyo nadharia ni ya watu wa pwani. Mimi nasema ni kwa sababu mambo yenyewe ni ya kwetu. Mkopeshaji anakula mavuno, mama anavuta jembe mwenyewe, mtoto mmoja mtiifu mmoja kichaa. Mwisho yule mama anampiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa sababu kamteka binti wa kijiji. Maneno ya nini hapo?

Dada Muscat #45
Na huyo mtoto kichaa, Sunil Dutt, ndiye alimwokoa Nargis moto ulipowaka wakati wa kupiga picha, mwaka unaofuata wakaoana. Mama na mwana wa sinema wakawa mke na mume wa nyumbani. Sanjay Dutt ni wao.

pilau_bila_nyama #46
Jibu ni rahisi. Hakukuwa na kingine. Wenye kumbi wengi walikuwa Wahindi, waliagiza vya kwao. Wangekuwa Wachina tungekuwa tunalia na Kichina.

kipepeo_73 #47
Za Kichina zilikuwepo, Bruce Lee alijaza kumbi. Mbona hatukumlilia Bruce Lee? Tulitoka tunapigana mateke njiani. Kingine kilikuwepo, cha kulia ndio kilikuwa hiki.

Baharia Mstaafu #48
Mimi naona ni nyimbo. Tuni zao tulizijua kabla picha haijafika, waimbaji wetu wa taarabu walikuwa wanazichukua wanatia maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa sifa yake ni hizo tuni za Kihindi. Unakwenda sinema unakuta wimbo wa harusi ya dada yako anauimba Lata Mangeshkar, utaacha kulia? Ingawa mke wangu anasema tulikuwa tunalia kwa sababu ni gizani na hakuna anayekuona. Huenda ana haki.

jicho_la_tatu #49
Mke wa Baharia apewe nafasi ya mods.

mtoto_wa_2001 #50
Shikamooni. Nyie mnaongelea wa zamani, mimi wa kizazi hiki naomba niongeze 12th Fail ya 2023. Kijana wa kijijini Chambal anafeli mtihani mwaka ambao polisi mmoja kazuia kuibia shuleni kwao, anakwenda Delhi anasaga unga usiku anasoma, anafanya mtihani wa serikali anafeli anaanza upya. Ni kisa cha mtu wa kweli. Mimi nimemaliza chuo 2023 natuma maombi ya ajira mpaka leo, niliiangalia nikaizima katikati nikaenda kukaa nje, nikarudi nikamalizia. Na Laapataa Ladies, mabibi harusi wawili wamefunikwa shela wanabadilishwa kwenye treni usiku, bwana harusi anafika nyumbani na mke wa mtu. Inachekesha halafu inakuchoma.

binti_Ngamiani #51
Pole dogo, usikate tamaa. Laapataa naunga mkono, yule mama wa kibanda cha chai stesheni ndiye steringi wangu.

Fundi Deki #52
Na Piku ya 2015 je? Amitabh mzee ana tatizo la choo, filamu nzima wanaongelea choo, wanasafiri na gari kutoka Delhi mpaka Kolkata na kiti chake cha choo kiko juu ya gari. Nani mwingine duniani anaweza kutengeneza hiyo ukaipenda?

pilau_bila_nyama #53
Mimi nimeipenda Piku. Sitaki maswali.

Wa Ngara #54
Imefika siku pilau amependa kitu, wekeni tarehe.

Mguu wa Hogo #55
Wakuu bando limekubali, Haathi Mere Saathi tumeiangalia leo mchana. Tembo kafa, Rafi kaimba, mama kajifunika kanga usoni. Nikasubiri. Nikamuuliza mama ndiyo hii? Kanyamaza kama dakika moja hivi. Kasema "wimbo ndiyo huu. Kaburi sio hili. Na mbwa yuko wapi?"

Nikampigia bro. Bro anasema yeye anakumbuka kupelekwa Majestic akiwa mdogo kabisa, ameshikwa mkono, akaona mbwa. Sasa kama alishikwa mkono hakuwa tumboni. Mama anasema bro alikuwa tumboni. Bro anasema labda tumboni nilikuwa mimi, maana mimi ni wa 1986.

Fundi Deki #56
NIMESEMA! Mimba ni yako mkuu, mbwa ni Moti, mwaka 1985. Nilisema tangu posti ya tatu.

Baharia Mstaafu #57
Na wimbo kausikia kwa tembo. Ni picha mbili, mama kaziweka kwenye kaburi moja.

mwalimu_wa_zamu #58
Au kaziona siku moja. Kumbi zilikuwa zinapiga mbili mfululizo, na mchanganya rili mmoja anatosha.

Dada Muscat #59
Au ipo ya tatu ambayo sote hatuijui. Mimi nakumbuka ya nyoka analia kaburini, hata Nagina siyo, nimeitafuta.

Mguu wa Hogo #60
Mama kasoma yote hayo. Anasema Fundi Deki mwana mbishi sana, ni wa wapi. Anasema mimba yangu hakwenda sinema hata siku moja, alikuwa anatapika. Teri Meherbaniyan anataka aione kesho "ili nimwambie vizuri huyo kijana kwamba siyo".

Fundi Deki #61
Mwambie mama natokea Pangani. Na akilia, tuandikie dakika ya ngapi.